Hina Ndani ya Glavu

Shangazi Amtulla hana huruma. Jana, kwenye hina ya dada yangu Razia, alinishika mikono mbele ya wanawake wote akanipaka viganja, ati ndugu wa bibi harusi hatoki mikono mitupu. Mimi, mvulana mzima wa miaka kumi na mitatu. Usiku nimesugua kwa ndimu na majivu mpaka ngozi ikachubuka, na hina ndiyo kwanza ikakoza.

Na leo tulikuwa na mechi ya kriketi na vijana wa Makadara. Wale kwa kucheka watu hawajambo. Basi nikachukua dukani kwa baba glavu za ngozi, zile za kubebea mabati, nikazivaa nikaingia uwanjani kama sina neno.

Mwamuzi wetu, Bwana Musyoka, karani wa reli, akasimamisha mchezo.

“Wewe kijana, upande unaodaka, glavu huvaa mmoja tu, anayesimama nyuma ya wiketi, vile vijiti vitatu. Naye ni kapteni wenu, Esmail. Ndiyo sheria. Zivue.”

“Mikono inaniuma, Bwana.”

“Basi toka ukapumzike.”

Ningetoka tungebaki kumi, na Makadara walitaka mbio mbili tu watushinde. Nikazivua. Nikakunja ngumi, nikaziweka nyuma.

Mpira ukapigwa juu, ukawa unashuka kwangu moja kwa moja. Hata mtoto mdogo angeudaka, na mpigaji wao angetoka. Lakini kuudaka ni kufungua viganja mbele ya uwanja mzima. Wallahi nilitaka. Mikono ikakataa kutoka nyuma. Mpira ukaanguka miguuni pangu, na wao wakakimbia mbio zao mbili.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Esmail akavua glavu zake kwenda kuwapa wageni mkono. Viganja vyake vilikuwa vyekundu mpaka ncha za vidole. Ndugu yake ndiye anayemuoa Razia, na kwao nako jana walitia hina.

“Umeoa wewe?” mmoja wa Makadara akamtania.

“Kaka yangu. Mimi nimekula pilau tu.”

Wakacheka, naye akacheka nao, yakaisha hapo.

Kisha akaja kwangu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

“Sattar, mbona hukunyosha mikono?”

Bado nilikuwa nimeificha nyuma.