Nyumba Alimozaliwa Gavana

Wanaume wanane walifika na maksai na mitaimbo kabla Mehitabel Stroud hajaepua mkate wa mahindi. Mbele yao alikuwa Enos, mdogo wa marehemu mumewe, kavaa koti la kanisani siku ya Alhamisi.

"Shemeji, toa vyombo," alisema. "Nyumba inakwenda mjini."

"Inakwenda mjini? Imeota miguu?"

Enos akaeleza huku akitazama viatu vyake. Gavana Lucius Penhallow anagombea tena, na Jumamosi atahutubia wilaya nzima. Mgombea asiyezaliwa kwenye kibanda cha magogo hapati kura za wakulima, na kibanda kilichobaki imara ni hiki. Kitabomolewa gogo kwa gogo, kisimamishwe uwanjani, gavana asimame mlangoni aseme hapa ndipo nilipozaliwa.

"Penhallow!" Mehitabel alitoka nje na mwiko mkononi. "Penhallow kazaliwa kwenye nyumba ya matofali, ghorofa mbili! Nimefua mashuka ya mama yake mimi, kwa mikono hii! Nyumba hii kaijenga kaka yako mwaka tuliooana, na gavana wakati huo keshaota ndevu!"

"Kila mtu anajua, shemeji. Siasa tu hiyo."

"Na wewe unapata nini?"

Enos akakohoa. "Wamesema watanipa ukuu wa posta."

Ebo! Posta! Mtu anauza paa la mjane wa kaka yake ili akagonge mihuri kwenye bahasha! Lakini hati ya shamba ilikuwa kwa jina la Enos tangu baba yao afe, na mahakama gani ingemsikiliza mjane? Kufikia jioni magogo yote yalikuwa yameandikwa namba kwa chaki na kupakiwa. Dohani la mawe peke yake ndilo lililobaki limesimama shambani.

Tena afadhali angekuwa gavana mwingine. Mumewe, Asahel Stroud, alikwenda vitani chini ya Penhallow huyuhuyu, wakati huo kanali. Siku ya kuvuka mto, kanali alikuwa hemani anaumwa tumbo, na Asahel na wenzake arobaini wakaingia majini bila yeye. Hakurudi hata mmoja. Penhallow akatoka hemani akaitwa shujaa, na kwa ushujaa huo akapata ugavana. Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Hawakumjua Penhallow.

Jumamosi Mehitabel alitembea maili tisa hadi mjini. Alimkuta gavana nyuma ya jukwaa akitafuna paja la kuku.

"Mheshimiwa, nyumba ile ni yangu. Baridi imeanza, na nalala ghalani na ng'ombe."

Gavana akafuta mikono, akamshika bega. "Mama, Jumatatu itakuwa mahali pake, na paa jipya juu. Neno la askari." Akashusha sauti. "Lakini leo unyamaze. Ukifungua mdomo, hakuna nyumba. Tumeelewana?"

Neno la askari! Mehitabel alitamani amtemee mate usoni. Akafikiria theluji. Akayameza.

"Jumatatu," alisema.

Basi akasimama safu ya mbele, mikono kifuani, akasikiliza.

"Magogo haya aliyakata baba yangu kwa shoka lake!" gavana alinguruma. Mehitabel akauma mdomo. "Na pale, kwenye kona ile, mama yangu alinizaa!" Kona ile ilikuwa ya viazi. Wanawake wakatoa leso wakalia.

Gavana alipoona machozi, akalewa sifa. "Nyumba hii si yangu tena," alipaza sauti, mikono kaitanua. "Ni yenu!"

Na watu wale, mtu akiwaonyesha kitu cha mkubwa, hawaridhiki mpaka wamekata kipande cha kuweka juu ya meko nyumbani. Visu vikatoka mifukoni. Shoka likatoka sijui wapi. Mlango ulikwenda kwanza, kisha vizingiti, kisha kuta, watu elfu mbili wakisukumana na kucheka, na Enos kati yao kajaza kofia vibanzi. Gavana alipunga mkono, akapanda gari lake la farasi, akaondoka.

"Acheni!" Mehitabel aliwavamia kwa ngumi. "Acheni, wajinga nyie! Mwongo yule! Nyumba ni yangu! Kazaliwa kwenye matofali yule!"

Mkulima mmoja mzee, mpole wa sura, alisimama na kibanzi mkononi, akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Mbona hukusema alipokuwa anahutubia, mama? Ulikuwa mbele pale, nimekuona. Tungekusikia."

Mehitabel alifungua mdomo. Mzee akangoja kidogo, kwa adabu, kisha akatia kibanzi mfukoni akaenda zake.