Kifaa Chini ya Tangi

Fundi umeme alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza kwa mteja yeyote: anayeendesha pikipiki asijue kifaa kimefichwa wapi, na ikiwezekana asijue kabisa kama kipo.

"Hata kama ni mdogo wangu wa damu?" aliuliza mshonaji.

"Hasa huyo wa damu, dada. Mgeni ukimwambia siri anaogopa. Ndugu ukimwambia anakwenda kujisifu kijiweni, na kijiweni masikio ni mengi kuliko vichwa."

Pikipiki ilikuwa imesimama mbele ya banda lake, kiti kimeng'olewa, tangi limeegemezwa ukutani, nyaya zimetoka nje kama matumbo ya samaki. Kifaa chenyewe kilikuwa cheusi, kidogo kama kiberiti, na ndani yake fundi alikuwa ameshaweka laini ya simu. Aliunga waya mwekundu kwenye betri na mweusi kwenye chasisi. Kisha akakata ule unaotoka kwenye swichi ya funguo na katikati yake akaweka rilei, ili moto wa injini uweze kuzimwa kwa simu. Alipomaliza alikunja vyote pamoja na nyaya za kiwandani, akazungusha tepu mpaka isijulikane kipi kilizaliwa na pikipiki na kipi ni cha kupachikwa. Mshonaji alipitisha kidole juu ya tepu, akaridhika. Katika kazi yake pia, mshono mzuri ni ule usioonekana.

"Sasa tazama hapa." Fundi alichukua simu ya mshonaji. "Hii ni ramani. Huu ni uzio. Pikipiki ikivuka daraja, simu inalia. Hapa ni 'kata', injini inazima. Na hii namba ukiipiga, kifaa kinapokea chenyewe, unasikia wanachosema hapo ilipo. Wao hawakusikii."

"Mbona kama uchawi?"

"Uchawi hauhitaji bando, dada. Na kitu kimoja ukumbuke: kata kwanza, uliza baadaye. Ukianza kuuliza, wenzako wanafungua bolti."

Neno hilo mshonaji alilikumbuka, kwa sababu aliwahi kuona bolti zikifunguliwa, kwa namna ya kusema. Pikipiki ya kwanza ilichukuliwa na abiria wawili waliomgonga mdogo wake kisogoni kwa kipande cha nondo, wakamwacha mtaroni. Iliokotwa fremu tupu. Mdogo wake alilala hospitali, akatoka, akasema yuko sawa. Mshonaji akauza mashine yake ya kudarizi, ile iliyokuwa ikimpatia kazi za maharusi, akanunua pikipiki ya pili, akabaki na cherehani ya kanyagio na sare za shule. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Yeye alishtuka hata mtaani pikipiki ya jirani ilipochelewa kuwaka.

Mdogo wake, ambaye mji mzima wa vijiwe ulimwita Rubani kwa mwendo wake, alikuja kuichukua pikipiki jioni ile.

"Ilikuwa na nini kwa fundi?"

"Balbu ya nyuma."

"Balbu siku nzima? Huyo fundi anatengeneza jua?" Akacheka, akapanda. "Kesho nalala nayo njiani kutwa, dada. Sishuki."

"Hata mchana?"

"Mchana ndiyo pesa."

Kwa hiyo jioni ile waliagana wakiwa wamedanganyana, kila mmoja kwa nia njema, na kila mmoja akajiona mjanja.

Kwa wiki kadhaa kifaa hakikuwa na la kusema. Mshonaji alizoea kukitazama kama watu wanavyotazama chungu jikoni. Nukta ya kijani ilizunguka sokoni, stendi, zahanati, ikarudi kijiweni. Haikuvuka daraja, kwa kuwa Rubani hakupenda ng'ambo; ndiko alikogongewa.

Siku nukta ilipovuka daraja, mshonaji alikuwa anapinda marinda ya sketi. Simu ililia mlio aliokuwa hajawahi kuusikia ila siku ya majaribio. Alitazama: nukta imelipita daraja, imeshika njia ya machimbo ya kokoto. Jua lilikuwa la utosi. Alimpigia Rubani, simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Nukta iliendelea kusogea, ikapita kanisa, ikapita ghala la saruji, ikaingia mahali ambapo ramani haikuwa tena na majina. Huko ikasimama, ikageuka.

Akapiga mara nyingine. Hakuna.

Alimwona mdogo wake mtaroni. Hakumwaza, alimwona, na shati lile lile. Kidole kikabonyeza "kata".

Nukta ikageuka nyekundu, ikatulia.

"Fundi, wamemchukua. Iko njia ya machimbo, nimeizima."

"Hapo hapo! Safi sana, dada. Usikate tamaa, naleta jeshi."

Jeshi la fundi lilikuwa kundi la simu lenye waendesha pikipiki wa vijiwe vyote, wa huku na wa ng'ambo. Alishika kitufe akanena kwa sauti ya mtu anayetangaza mpira: "Wakuu, pikipiki nyekundu ya Rubani imeibiwa, imezimwa njia ya machimbo baada ya ghala la saruji. Mwizi bado yuko nayo. Walio karibu, karibuni mezani." Kisha akaruka kwenye pikipiki yake, akampitia mshonaji, ambaye alifunga duka sketi ikiwa bado chini ya sindano.

Walikuwa wamefika darajani simu ilipotetemeka mkononi mwake. Rubani. Alimpiga fundi mgongoni asimame.

"Uko wapi? Umeumia?"

"Niumie na nini? Nimeona simu zako, nilikuwa…" Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyetoka usingizini. "Kuna nini, dada?"

"Pikipiki iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Anayo Taratibu."

"Taratibu ni nani?"

"Mshikizi wangu. Mchana ananishikizia pikipiki, anaiendesha yeye, mimi nalala kwa rafiki yangu nyuma ya kijiwe. Kila mtu ana mshikizi, dada, ndivyo kazi ilivyo. Kichwa changu tangu ile nondo hakiwezi jua la mchana. Nikiendesha naona barabara mbili. Nilijua nikikwambia utanipokonya."

Fundi alikuwa amegeuza shingo, anasikiliza. Alitoa simu yake akaingia kwenye kundi. Mtu wa kijiwe cha Rubani alikuwa ameshaandika: *huyo si mwizi jamani ni mshikizi wetu*. Chini yake hapakuwa na jibu. Aliyeshika usukani hasomi.

"Mpigie," mshonaji alimwambia mdogo wake. "Huyo Taratibu, mpigie sasa hivi, usiache kupiga!"

Akakata simu. Kisha, kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono yake, akapiga namba ya kifaa.

Kilipokea chenyewe, kama fundi alivyosema.

Kwanza ulisikika mvumo, kisha injini nyingi zikizimwa moja moja, kisha watu. Sauti zilikuja zimefunikwa, kama za chumba cha pili, maana kifaa kilikuwa chini ya tangi.

"…nani kakupa?"

"Ru… Rubani. Kanipa Rubani, mimi namshikia tu, imenizimikia nikirudi…"

"Kila mwizi kapewa! Jina limeandikwa hapo nyuma kwenye madigadi, hata mbuzi angelisoma!"

Kicheko. Halafu mlio ambao mshonaji aliufananisha na kukung'utwa kwa godoro, na baada yake mwingine, na mtu akasema "jamani" kwa utulivu kabisa, kana kwamba anaomba apishwe njia. Mshonaji alipaza sauti: "Mwacheni! Ni wetu! Mwacheni!" Wapita njia darajani wakageuka. Fundi akamshika bega.

"Hawakusikii, dada."

Alijua hawamsikii, na bado hakunyamaza. Alisema mpaka koo likakauka, kwa kifaa kilichotengenezwa kusikiliza, si kusema.

Ndipo simu ikaita, upande ule.

"Wenzake hao. Lete. Leteni hiyo simu."

"Pasua!"

"Ngoja kwanza." Sauti hii ilikuwa ya mtu mzima. "Anayepiga ni Rubani."

"Rubani yupi?"

"Nitajuaje? Imeandikwa Rubani. Kama kwenye madigadi."

"Mwenye pikipiki anampigia mwizi wake?"

Mtu mmoja alicheka, akajikuta amecheka peke yake. Simu iliita ikakatika, ikaanza tena, na safari hii ikapokewa. Mshonaji hakusikia alichosema mdogo wake. Alisikia yule mtu mzima akisema "ndiyo", halafu "ndiyo" tena, halafu, baada ya muda, "Mungu wangu." Injini zikaanza kuwashwa moja moja.

Walipofika walimkuta huyo mtu mzima peke yake, ameketi kwenye changarawe, amempakata Taratibu kichwa. Wengine waliacha alama za matairi tu. Taratibu alikuwa mwembamba, wa makamo, mwenye shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Mkono wake ulikuwa umekaa mahali ambapo mkono haukai. Funguo ilikuwa bado kwenye swichi, na wote watatu waliiona, na hakuna aliyesema kwamba mwizi wa barabarani huwa hana funguo.

Mshonaji alibonyeza kurudisha moto. Pikipiki ikawaka mara moja, nzima, bila mkwaruzo.

Hospitali daktari alisema atapona. Mkono utaungwa, taya halikuvunjika. Kuhusu sikio la kushoto hakutaka kuahidi. Rubani alikuja kwa miguu, akasimama ukutani mwa korido, mkono juu ya macho, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi na jua liliingia.

"Ungeniambia," dada yake alisema.

"Na wewe? Hicho kifaa chako?"

"Fundi alisema…" Fundi mwenyewe alikuwa nje, anapiga simu kijiwe hadi kijiwe, ingawa hapakuwa tena na kitu cha kuzuia.

Mshonaji aliketi kwenye benchi, akafungua simu, akatazama kumbukumbu ya safari. Alikuwa mtu wa vipimo. Alitaka kuona alipokosea, kama anavyofumua nguo kutafuta mshono uliovuta. Haikumchukua muda. Pembeni ya nukta kulikuwa na mwendo, umeandikwa wazi tangu kijiweni mpaka ghala la saruji, na ulikuwa mwendo wa baiskeli ya mtoto wa shule. Rubani hajawahi kuendesha hivyo hata akibeba mayai. Mwizi hajawahi kuendesha hivyo popote. Namba hiyo ilikuwa mbele ya macho yake muda wote alipokuwa akipiga simu isiyopokewa, na hakuitazama.

Mwanamke aliingia koridoni akiwa bado na fulana ya kung'aa ya wafagia barabara, vumbi limeganda kwenye nyusi. Aliuliza mapokezi, akaonyeshwa benchi. Alikuja moja kwa moja, akashika mikono ya mshonaji yote miwili kabla hata ya kusalimia.

"Wameniambia ni wewe umemleta, dada yangu. Wenyewe wamekimbia wote, wewe umemleta. Mungu akulipe, maana mimi sina cha kukulipa."

Rubani aliondoka ukutani. "Shemeji, ngoja nikueleze, ni mimi ambaye…"

"Keti, Rubani," alisema dada yake. Kisha akamgeukia mwanamke. Hakuitoa mikono yake. "Ni mimi niliyesema imeibiwa. Nilimwona anavuka daraja kwenye simu, nikaizima pikipiki, nikaita watu. Waliompiga waliitwa na mimi."

Mwanamke alimtazama kama mtu anayesubiri sentensi iishe, ilhali ilikuwa imekwisha. Mikono yake ilibaki pale pale kitambo, imesahauliwa, halafu ikajiondoa.

"Hukuuliza?"

"Nilipiga simu. Haikupokelewa."

"Simu ya nani?"

"Ya mdogo wangu."

"Na ya mume wangu?"

Mshonaji alitafuta jibu lililo kweli, kwa sababu lingine lolote lingekuwa tusi.

"Sikujua kama yupo," alisema.

Mwanamke alitikisa kichwa polepole, si kwa kukataa wala kukubali. Alivua fulana ya kung'aa, akaikunja mara mbili, akaiweka benchi mahali palipokuwa kati yao, akaenda kusimama mlangoni mwa wodi kusubiri aitwe.