Mjapani wa Kaka Madi

"Pan," akasema Mjapani, na kaka yangu Madi akamtia gilasi ya maji mkononi.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nachungulia. Sikuona haya, nyumba ni yangu na mgonjwa ni mgeni wangu. Meli ya kuvua jodari ilimshusha hapa kisiwani Amu mwaka wa hamsini na saba, hajiwezi kwa homa, ikaenda zake. Homa ilipompungua, karani wa forodha, Mgoa, akazunguka mtaa mzima wa Langoni akitafuta mtu ajuaye Kijapani. Watu wakamwonyesha kwetu, akatuletea mgonjwa. Nani asiyejua kwamba Madi alipigana na Wajapani huko Burma?

Kijapani chake chote kilikuwa neno moja.

Tangu arudi kutoka vitani alikuwa na kisa kimoja tu, na sote tulikijua. Yeye na wenzake walimteka Mjapani aliyejeruhiwa, Madi akawekwa amlinde msituni siku kadhaa, mvua inanyesha. Yule mtu akawa anaomba: pan, pan. Madi alikwisha kusikia askari wa Kihindi wakiita maji pani. Basi akamnywesha. Akiyatema, Madi humfungua meno kwa kidole na kumtilia tone kwa tone, mpaka akafa.

Mambo mengine ya Burma hakuyasema. Alipiga makelele usingizini hata mkewe akachoka, akaomba talaka, na yeye akahamia kwangu. Kila nilipomwona amejiinamia nilimwambia, "Kaka, wewe ulimpa adui maji." Hapo uso humfunguka kidogo.

"Nalimpa mai, Mwanatumu," hunijibu. "Mola ataniuliza mangi, nami n'na hilo moya."

Sasa huyu Mjapani wa pili aliisukuma gilasi. "Pan," akasema tena, akionyesha kinywa. Madi akamshika kisogo, akamwinamishia gilasi midomoni. Maji yakamwagikia kifuani.

"Hataki maji huyo, Bwana Madi," karani akasema, anacheka. "Anataka mkate. Hata sisi Goa twasema pau. Neno la Wareno hilo. Walifika kwetu, wakafika na Japani, na kila walipotia nanga waliacha maneno."

Hata huku walifika, maluuni wale! Walituachia meza, na leso, na gereza. Mkate tulikuwa nao na jina letu, hatukuhitaji lao. Wangalituachia na hilo moja, ah, kaka yangu angalijua.

"Pani ni mai," Madi akasema.

"Pani ni ya Wahindi, bwana. Huyu amesema pan."

Nilimchukia yule Mgoa na kicheko chake. Nilitamani awe mwongo. Mikate yangu ya mofa ilikuwa imetoka motoni saa ile ile, na wallahi niliogopa kuitoa. Lakini mgonjwa ni mgonjwa. Nikapitisha sahani pembeni mwa pazia.

Mjapani alipoiona alilia. "Pan, pan," akasema, akaukamata mkate mmoja kwa mikono miwili, akala bila kuuacha upoe. Karani akaona kazi yake imekwisha, akaaga, akaenda zake.

Madi alibaki sakafuni. Alimtazama mtu anavyotafuna. Kisha akaiinua gilasi, akayatikisa maji yaliyosalia, akayaonyesha kwa kidole.

"Na haya? Haya mwayaitaje?"

Mjapani alimeza kwanza. "Mizu," akasema.

"Mizu." Kaka akalirudia taratibu, kama mtoto chuoni. Akaligeukia pazia, alijua nipo. "Yule wa Burma hakulinena, Mwanatumu. Siku zote zile, neno hili hakulinena hata mara moya."

"Kaka, ulikuwa hujui."

"Alikuwa na ndaa. Na mimi mkoba umejaa biskuti, nimeukalia usilowe."

Mjapani alipona, meli ikarudi kumchukua, akatuachia shati lake jeupe kwa shukrani. Madi hakulivaa. Wala makelele ya usiku hayakuwapo tena. Alilala macho wazi, kimya, na kimya kile kilinitisha kuliko makelele. Mara nyingi nilikwenda nikaketi karibu naye, nikitafuta la kumwambia. Mpaka tulipomzika, sikulipata.