Mwenzangu wa Mtihani, Matroni Perpetua

Mtihani wa kuongea Kiingereza unaoletwa shuleni kwetu, nje kidogo ya Dongobesh, hufanywa na watu wawili wawili. Watahini nao ni wawili: mmoja anauliza, mwingine anakaa pembeni, hasemi neno, anaandika tu. Kila mtahiniwa hupata alama zake mwenyewe, lakini sehemu kubwa ya alama hizo ni namna anavyozungumza na mwenzake: kuuliza, kukubali, kupinga. Ukipangiwa mwenza bubu, umekwisha.

Matroni Perpetua, msimamizi wa mabweni yetu, alikuwa amekwisha mara mbili. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimempokea kwa sharti la kuleta cheti hicho, na kilimwandikia kwamba hakitamsubiri zaidi ya mwaka huu. Kiingereza chake hakikuwa na kasoro ya kutisha. Kasoro ilikuwa sisi. Mara zote mbili alipangiwa wanafunzi, na hakuna mwanafunzi aliyelelewa vizuri wilayani Mbulu anayeweza kumpinga matroni wake mbele ya wageni. Margwe, kiranja mkuu, alijibu "Ndiyo, Matroni" mara kumi na moja, kisha akamshukuru.

Wiki moja kabla ya mtihani aliniita stoo.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Vicent, nani aliijaza kengele ya shule soksi?"

"Sijui, Matroni."

"Ni wewe. Ndiyo maana nimeomba nipangwe na wewe. Shule nzima ni wewe tu usiye na adabu."

Niliipokea heshima hiyo kwa unyenyekevu.

Siku yenyewe, Mwalimu Yonas, mtahini wa kuuliza, alitupatia karatasi yenye picha: blanketi, tochi, kamba, chupa ya maji, redio. Tunapanda mlima kwa siku mbili; tujadiliane, tuchague vitu viwili. Kwenye kona Madamu Agatha alishika kalamu. Yaliyofuata yalisemwa kwa Kiingereza; nayaandika hapa bila makosa yetu.

"Mimi nachagua blanketi na tochi," alisema Matroni. "Wewe unaonaje?"

"Ndiyo, Matroni."

Lilinitoka lenyewe. Hapo niligundua jambo la kusikitisha kuhusu maisha yangu: utundu wangu wote niliufanya yeye akiwa amenipa mgongo. Mbele ya uso wake nilikuwa Margwe tu. Kalamu ya Madamu Agatha haikusogea. Matroni aliinamia picha, na kidole chake kikaanza kuzihesabu upya, moja hadi tano. Mkono ule naufahamu vizuri. Sikuwahi kuuona ukikosa la kufanya.

"Hapana," nikasema. "Tochi iache. Bila maji hatufiki. Mlima Hanang, ukishayapita mashamba, huoni maji."

"Umejuaje?"

"Kwetu ni Endasak, chini ya mlima. Nimeupanda mara tatu."

"Lini?"

"Mara mbili na baba. Ya tatu ni mwezi wa tano."

Akainua kichwa. "Mwezi wa tano ulikuwa kwenye msiba wa bibi yako. Barua ya kwenu ninayo."

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema nimekosea mwezi, na mazungumzo yangefia pale pale, pamoja na chuo chake. Mwalimu Yonas alitazama saa.

"Bibi ni mzima, Matroni. Anakusalimia."

"Barua aliandika nani?"

"Mimi. Na mhuri niliuchonga mwenyewe."

"Kwa nini hukuniomba ruhusa?"

"Ungekataa."

"Sikubaliani na wewe. Ungesema ukweli, ningefikiria."

"Ungefikiria, halafu ungekataa."

"Ningekataa," alikubali, "lakini ningekupa sababu. Haya, huko juu, ulilala na nini?"

"Sweta."

"Ukaona baridi?"

"Nilitaka kulia."

"Basi blanketi linabaki. Maji nakupa, umenishinda. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana."

Madamu Agatha alikuwa amefungua ukurasa wa pili.

Nje, uwanjani, Matroni alirudi kwenye Kiswahili. "Utang'oa visiki vinne nyuma ya bweni. Kimoja kila Jumamosi."

Jumamosi ya nne nilikuwa shimoni hadi magotini, nikikata mzizi, alipokuja na simu mkononi.

"Nimepita," akasema.

"Hongera, Matroni. Na hiki kisiki?"

Alivua kanga ya begani, akaitundika kwenye uzio, akachukua shoka la pili kando ya shimo. Aliingia shimoni upande wa pili wa mzizi.

"Sogea," akasema. "Unashika vibaya."