Makofi Mawili kwa Gunia

"Mimi nikilishika gunia la dagaa nakutajia mpaka jina la mvuvi," Sabina alijitapa pale ghalani Mirongo. Kisha mwenyewe akajiumbua: "Juzi nilimtaja Luhende, kumbe dagaa walikuwa wa mkewe. Lakini si wanalala kitanda kimoja?"

Utani utani, miaka kumi na tisa hakuna gunia lililotoka kwenye ghala la Mama Pramila bila kupita mikononi mwake. Anachota dagaa kiganja tele, anafinya, ananusa, anatafuna mmoja. Mchanga ukilia menoni, gunia hilo ni chakula cha kuku. Usipolia, ni la watu.

Kwa hiyo Obedi alipokuja na makaratasi yake, Sabina hakumficha kitu. Angemfichaje? Ni mtoto wa marehemu mdogo wake, kamlea tangu ananyonya. Huko chuoni Nyegezi kijana alikuwa anasomea kuchora kazi za watu: kila hatua kisanduku chake, kati yao mshale, na penye kuamua anachora umbo la kashata.

"Ni ya mtihani wangu tu, mama. Haitatoka Nyegezi."

Wiki tatu alimfuata akimpima kwa saa ya simu. "Na kabla ya hapo, mama? Na kabla ya hapo tena?" Mpaka siku moja, wakila ugali nyumbani, Sabina akachoka. Akamwambia kwa uso mkavu: "Kabla ya kulifungua, nalipiga gunia makofi mawili, nawauliza dagaa: mmemwacha nani ziwani?"

Obedi akaandika bila kutabasamu. Sabina akakimbilia jikoni, akauma kitenge asisikike anavyocheka.

Jumatatu Mama Pramila akawaita wafanyakazi wote. Ukutani palikuwa na michoro miwili mikubwa.

"Huu ni kazi ilivyo, na huu ni kazi itakavyokuwa. Nimechorewa na mtaalamu."

Sabina akaufuata ule wa pili kwa kidole, kisanduku kwa kisanduku, kama mtoto wa darasa la pili. Gunia linapokelewa. Mashine inachekecha. Kipimo kinasoma unyevu. Gunia linashonwa.

"Mama Pramila, mbona mimi simo?"

"Sabina, dada yangu, umefanya kazi sana. Mwisho wa mwezi upumzike."

Obedi alikuwa amesimama mlangoni, shati limepigwa pasi. Pasi ya Sabina.

"Mama, hata mimi nimeshtuka," akasema haraka. "Michoro hii sijawahi kuiona. Atakuwa mtaalamu wa Dar."

Sabina alitaka kumwamini. Hapo ndipo palipouma kuliko penginepo. Akaurudia mchoro wa kwanza, akasoma kwa sauti: "Piga gunia makofi mawili. Uliza: mmemwacha nani ziwani? Sekunde sita."

Wapakiaji wakaangua kicheko. Mama Pramila akavaa miwani. "Ehe, hiyo nilitaka kuuliza. Inasaidia nini?"

"Haisaidii kitu. Sijaifanya hata siku moja. Niliitunga mezani kwangu, na mezani tulikuwa wawili." Akamgeukia Obedi, sauti imeshuka. "Hizo sekunde sita ulizipimia wapi, mwanangu?"

Obedi akainama kufunga kamba za viatu.

Viatu vyake havikuwa na kamba.