Kisu Kilichoitwa Kimya

Mayala alikuwa na visu vya kukunja thelathini na kimoja, na hakuna hata kimoja alichokinunua dukani. Kimoja kilikuwa cha bruda wa misheni ya Ushirombo, alichokitumia kubebeshea miche ya michungwa, tawi juu ya shina, mpaka ubapa wake ukabaki mwembamba kama jani la mpunga. Vingine vilitoka kwa wachunga ng'ombe, kwa mafundi viatu, kwa wajane waliokuwa wakisafisha masanduku ya waume zao.

Miaka ishirini na minane alikuwa mteuzi wa tumbaku huko Ushetu, mtu wa kulitazama jani na kusema hili daraja hili, lile daraja lile, wala hakuna aliyembishia. Halafu presha ya macho ikamjia taratibu. Alipostaafu na kuhamia Nyahanga, mjini Kahama, na mkewe Mariana, dunia ilikuwa imeanza kumfifia. Watu walimjia kama vivuli ndani ya moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku, na asubuhi ikawa weupe mtupu wenye sauti za kuku. Ila visu havikufifia. Alivishika kimoja kimoja, akavipaka mafuta ya cherehani, na kila kimoja kikajitaja chenyewe mkononi.

Jumapili baada ya misa alivitandaza barazani juu ya ngozi ya ng'ombe. Jirani yeyote aliruhusiwa kuja kushika, kufungua, kufunga. Na aliyekipenda kimoja aliazimwa mpaka mvua za kwanza, kwa sharti moja tu, kwamba atakaporudi aje aeleze kisu kilikata nini. Ndiyo iliyokuwa furaha ya Mayala. Mmoja alisimulia alivyokata kamba ya ndama aliyejinyonga kwenye uzio. Mwingine alikata keki ya harusi ya binti yake. Mayala aliyasikiliza hayo akiwa amefumba macho, na usiku aliyaota, ndama na keki na michungwa vikipita polepole mbele yake, vyote vikiwa na rangi zake kamili.

Kisu alichokipenda kuliko vyote alikiita Kimya. Mhunzi mmoja Msumbwa alikifua kutokana na jembe lililokwisha, akakitilia mpini wa pembe. Visu vingine vilipofungwa vililia *tak*. Hiki kilifungwa bila sauti, kama kope.

Ghati ndiye aliyekiomba. Alikuwa mpangaji wa nyumba ya pili, mwanamke wa Tarime anayepika vitumbua, na mumewe Chacha alikuwa anaondoka kwenda machimboni Geita.

"Baba Luka, shikamoo," alimwambia Mayala, akimwita kwa jina la mwanawe. "Naomba hiki cha pembe, akamenyee mihogo huko."

"Marahaba. Chukua kingine, binti yangu. Hiki hakitoki."

"Mpe," Mariana alisema kutoka mlangoni. "Unamwekea nani?"

Mayala akakitoa, lakini kwa shingo upande.

Mvua za kwanza zikanyesha, visu vyote vikarudi, Kimya hakikurudi. Ghati alifunga chumba siku moja, akapanda basi la Geita bila kuaga mtu. Mayala alinung'unika wiki nzima. Alimwambia mkewe kwamba watu hawana shukrani. Mara nyingine, akiwa amekaa barazani, kiganja chake kilijifunga chenyewe juu ya kitu kisichokuwepo.

Walirudi mwezi wa kwanza, wote wawili, saa nne asubuhi. Chacha alisalimia kwa sauti ndogo kuliko ile aliyoondoka nayo, akaweka kisu mkononi mwa mzee. Mayala akakifungua, akapitisha kidole gumba kwenye ubapa mpaka mwisho, na mwisho ukafika mapema. Ncha ilikuwa imekatika, upana wa kucha mbili.

"Umekivunja!" alifoka. "Nilikupa cha kumenyea mihogo, wewe umekwenda kuchokonolea mawe?"

"Ndiyo, mzee. Nilichokonolea mawe."

"Mwache aseme, Baba Luka," Ghati alisema. "Si ulitaka watu waje waeleze?"

Chacha akakaa chini, akaeleza. Duara, shimo walilokuwa wakichimba dhahabu, liliporomoka wakiwa watu watano ndani, magogo ya matimba yakavunjika, kifusi kikaziba njia. Wakabaki kwenye pango la pembeni, mahali pa kukaa magoti kwa magoti. Taa za kichwani zilizimika siku ya pili. Maji yalichuruzika ukutani, wakayalamba. Chakula kilikuwa vipande vitatu vya mihogo ya kuchemsha kwenye mfuko wa Edward, mmoja wao.

"Nilikata kwa kupapasa," Chacha alisema. "Vipande vyembamba, mzee, kama karatasi. Kila mtu nampapasa mdomo, namwekea. Kile kisu kilituhesabu."

"Na kuchokonoa?"

"Kulikuwa na ufa unaopitisha upepo kidogo. Niliupanua mpaka ncha ikakatika. Nikaogopa, nikaacha. Basi tukaanza kukipokezana. Kisu kikikufikia unakifungua, unakifunga, unataja jina lako, unampa wa pili. Kingekuwa kinalia, tungesikiliza kisu. Lakini hakilii. Ikabidi tusikilizane."

Barazani palikuwa na joto, na mahali fulani mtu alikuwa akisukuma baiskeli yenye mnyororo mkavu.

"Siku ya nne kikafika kwa mwenzetu George, jina likakosekana. Tukamtikisa, tukampiga makofi, Mihayo akamlilia sikioni. Mwishowe akasema, 'George.' Kwa hasira kabisa, kama mtu aliyeamshwa bure. Hatukukaa sana tukasikia sururu za waokoaji juu yetu."

Mayala alitaka kuomba radhi. Alikikunja kisu, akamrudishia Chacha, akamfumbatisha vidole juu yake kwa mikono yake miwili.

"Tumekuja kukirudisha," Chacha alisema.

"Kimesharudi. Sasa mnacho nyinyi watano."

"Tutakigawaje?"

"Mwezi mmoja kwa kila mtu. Mtajua wenyewe." Kisha akaongeza, polepole, "Ila nataka kuwasikia hao wengine."

Mariana alidhani ni maneno tu. Lakini wiki iliyofuata Mayala alivaa koti lake la kazini, lile ambalo mifuko yake bado ilinuka tumbaku, akafuatana na Chacha na Ghati mpaka Geita.

Duara lilikuwa limeshafukiwa. Alisimama pale ulipokuwa mdomo wa shimo, akahisi udongo mbichi ukikanyagika laini chini ya viatu. Mwanga ulikuwa mwingi, na vumbi la mawe yaliyosagwa lilimetameta ndani yake, naye akaona kila kitu kama kimezama kwenye maji ya dhahabu, watu wakipita humo bila nyuso. Wale wanne wakaja mmoja mmoja kumshika mkono. George alikuwa na kiganja kipana, chenye jasho. Hakuna aliyesema jambo kubwa. Edward alimwuliza kama barabara ya Kahama ina vumbi sana, naye akajibu kwamba ipo hivyo hivyo.

Akina mama waliokuwa wakiponda mawe mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, walimpa kigoda na viazi vya kuchoma. Alikuwa katikati ya kiazi cha pili aliposikia mmoja wao akichutama mbele yake.

"Mwangaluka, mzee," alimsalimia kwa Kisukuma. "Mimi Vumilia. Nimesikia unakusanya visu."

Akamwekea kitu mkononi. Kilikuwa kizito kuliko alivyotarajia. Ubapa ulitokana na msumeno, meno yake bado yalisikika kwa mbali upande wa mgongo. Mpini ulikuwa wa mti, laini, wenye mikunjo asiyoijua, naye alidhani miti yote ya nchi hii ilishapita mikononi mwake.

"Mti gani huu?" aliuliza.

Vumilia akajifuta mikono kwenye kanga, akavuta jiwe, akakaa.