Kabla Hujanywa Chai

Jina la Kesho hakupewa na wazazi wake. Alipewa na runinga, na kusema kweli alilipenda kuliko lile la wazazi. Zamani, enzi ambazo mitaa ilinyamaza ukifika wakati wa mchezo wa Kwa Mama Kodi, alikuwamo mle seremala mmoja, Fundi Kesho, ambaye hakuwahi kumaliza kazi hata ya kupigilia msumari. Mpangaji akija kudai mlango wake, seremala anajipangusa jasho lisilokuwepo, anaweka mkono kifuani na kusema, "Kesho asubuhi, kabla hujanywa chai." Watu wanavunjika mbavu. Ule mlango haukuonekana mpaka mchezo ulipofungwa.

Sasa huyu wetu ni fundi wa makochi, na kwa uvivu hakuachwa nyuma. Mteja wa kwanza kumwita Kesho alikuwa amefura kwa hasira. Wa pili alikuwa anacheka, na fundi akatambua hapo hapo kwamba ameokota dhahabu. Akajifunza kujipangusa jasho vilevile, mkono kifuani vilevile, na mteja aliyeingia na maneno makali akawa anatoka na tabasamu na mikono mitupu. Ni vigumu kumgombeza mtu ambaye ndiyo kwanza umemaliza kumcheka.

Alikuwa na ujanja mwingine, na huo haukumchekesha mtu. Kochi likiingia tu karakana, kabla hata mwenyewe hajafika barabarani, alilivua. Kitambaa chini, sponji chini, springi nje. Usidhani ndiyo ameanza kazi. Kochi lililovuliwa halina pa kwenda: mwenyewe ataona haya kulipitisha mtaani likiwa uchi, na hakuna fundi mwingine atakayekubali kiporo cha mwenzake. Akishalivua analitandikia ubao, anatupia shuka juu, na mchana anajilaza.

Hivyo ndivyo kochi la mkunga lilivyokwama pale. Mkunga alikuwa mama mtu mzima, mpole wa maneno, ambaye nusu ya watu wa mtaa ule walipita mikononi mwake kabla ya kupita mahali pengine popote. Mumewe alivunjika nyonga, na daktari akaonya kwamba akitoka hospitali asikalie kitu kigumu. Mkunga akaleta kochi litiwe springi mpya, na fundi akaapa kwamba mzee akirudi nyumbani atalikuta linamngoja. Mzee alisharudi zamani. Mkunga alikuwa akipita pale, anatupiwa yale maneno ya asubuhi na chai, anatikisa kichwa, anacheka, anaondoka. Na fundi kila alipomwona anacheka alihesabu kwamba mambo yamekwisha.

Ndipo ikatangazwa kuwa Kwa Mama Kodi inarudi, na sura mpya, nyumba mpya, wapangaji wapya.

Mtaa ukachachamaa. Watu ambao kwa miaka hawakuutaja mchezo ule, wala kuukumbuka, ghafla waligeuka walinzi wake. Kinyozi wa mlango wa pili, ambaye enzi hizo hakuwa ameota hata jino, ndiye aliyelalamika kuliko wote.

"Wataharibu tu," alisema, wembe ukiwa shingoni mwa mtu. "Hawa wa siku hizi hawajui kuchekesha. Wanachojua ni kupaka poda."

"Wakimgusa Kesho tu, watanitambua," fundi akajibu kutoka kibarazani kwake.

Mkewe, aliyekuwa akishona foronya za mito kwenye kona ya karakana, akakata uzi kwa meno. "Kwani wewe ndiye? Wewe si umemwiga tu?"

"Mimi ndiye niliyemweka hai miaka yote hii."

"Haya. Sasa lipe uhai na kochi la mkunga."

Fundi alikuwa na shughuli kubwa zaidi. Jioni ya siku yenyewe aliiweka runinga juu ya meza ya kukatia vitambaa, akayapanga makochi ya wateja kuizunguka, akawakaribisha majirani waje kukalia mali za watu. Ukarimu huo aliuona ni wake. Kinyozi alikuja na simu yake mkononi, kwa sababu siku hizi mtu hawezi kuchukia kitu bila kwanza kuangalia wenzake wanakichukiaje. Muuza viatu naye alikuja, akachagua kochi la katikati na kunyoosha miguu.

Mara ikasikika hodi, akaingia mkunga.

Shikamoo zikapishana. Fundi, mwenyeji mwema, akamwinua muuza viatu, akalipangusa lile kochi la katikati kwa kiganja, akainyoosha shuka. "Kaa hapa mama. Hapa ndipo pa wageni wa heshima."

Mkunga akakaa, na chini ya shuka akakutana na ubao. Akajisogeza kidogo. Mkono wake ukateleza juu ya mbao ya pembeni, ile ya kuegemeza kiwiko, ukasimama. Hapo palikuwa na alama nyeupe ya duara, ya gilasi ya chai ya moto iliyowekwa pale pale asubuhi baada ya asubuhi. Aliitazama alama ile muda mrefu. Fundi hakuona kitu, alikuwa anahangaika na sauti.

Mchezo ukaanza, na matusi yakaanza nao. Mama Kodi wa zamani alikuwa na sauti ya kupasua vigae. Huyu mpya alikuwa mwembamba, anaongea kama anayembembeleza mtoto alale, na mpangaji aliyeshindwa kulipa alimkalisha chini wazungumze kuhusu hisia zake.

"Hisia?" kinyozi aliuliza. "Yule wetu alikuwa anang'oa mlango."

"Na nyumba yenyewe imekuwa hoteli," alisema muuza viatu. "Hakuna hata mende."

"Hao wanaocheka huko nyuma wamelipwa au wametekwa?" mke wa fundi akataka kujua, maana kicheko cha runinga kilikuwa kinalipuka kila mara mwigizaji alipofunga mdomo.

Kinyozi alikuwa anawasomea ya kwenye simu. "Huyu hapa ameandika, turudishieni mende wetu. Mwingine anasema ameizima na sasa anaangalia kioo kitupu, na kinachekesha zaidi."

Waliponda nguo, waliponda wimbo wa mwanzo, wakaponda hata mapazia. Lakini hakuna aliyebandua macho. Mtu anayechukia kitu kwa raha namna ile humwondoi kwenye kiti hata kwa maji ya moto.

Kisha akaingia Fundi Kesho. Alikuwa kijana mtanashati, ovaroli limepigwa pasi. Mpangaji akamuuliza habari za mlango. Fundi wetu alikaa ukingoni mwa kiti, midomo yake ikiyatamka maneno kabla ya kijana. Kijana akaangalia saa yake, akasema, "Tayari. Nimekuletea mapema ili usihangaike." Na kweli mlango ukaletwa, ukatiwa bawaba, ukafungwa bila hata kulia. Kicheko cha nyuma kikageuka makofi. Kijana akawageukia watazamaji, akaeleza umuhimu wa kuheshimu muda wa wenzetu.

Karakana nzima ikalipuka. Fundi alikuwa ameshasimama, mishipa imemtoka shingoni.

"Huu ni uhuni. Nionyesheni fundi mmoja, mmoja tu, anayeleta kazi mapema. Huo si uigizaji, ni uongo mtupu. Wamemuua mtu, jamani. Wamemuua mchana kweupe."

"Haiaminiki kabisa," alisema muuza viatu, ambaye naye alikuwa na viatu vya watu tangu msimu wa mvua.

"Pole sana ndugu yangu," alisema kinyozi, na wote wakamtazama fundi kwa huruma ya msibani. Fundi akaipokea huruma ile, ikamnogea. Akajipangusa jasho lisilokuwepo, akaweka mkono kifuani, akayasema yale maneno ya siku zote. Wakacheka mpaka machozi, wakatulia, wakajiona wameokoa kitu.

"Mama, sema na wewe," fundi akamgeukia mkunga, uso unameremeta. "Wewe uliuona ule wa zamani tangu mwanzo. Huyu kijana anachekesha?"

"Hapana," alisema mkunga. "Hachekeshi."

"Mmesikia?"

"Yule wa zamani ndiye aliyekuwa anachekesha. Mimi na mzee wangu tulikuwa tukimwangalia tumekaa hapa." Akapapasa ile alama ya gilasi. "Kwenye kochi hili hili."

Fundi aliutazama mkono ule, akaitazama mbao, na ndipo akakumbuka ni kitu gani alichokipangusa vumbi kwa heshima zote na kumkaribisha mwenyewe akikalie. Mkewe aliinamia foronya yake. Kwa aibu aliyoisikia, angeweza kuingia ndani ya ile foronya akajishonea humo.

"Nilikuwa nacheka kwa sababu ule mlango haukuwa wangu," mkunga aliendelea, hakupandisha sauti. "Mzee alipotoka hospitali, nilikuwa nikirudi kutoka kwako ananiuliza, leo Kesho kasemaje? Namwambia. Nakuiga hivyo hivyo, na mkono kifuani. Anacheka huku ameshika nyonga, amekaa kwenye kiti cha plastiki na mito chini. Siku hizi haulizi tena. Analala tu, anaangalia ukuta."

Kinyozi aliigeuza simu yake kifudifudi pajani.

Mkunga akainuka, akaiondoa ile shuka. Vikabaki ubao, gunia lililochanika na mbavu za kochi. "Nisaidieni kulibeba," alisema.

"Mama, subiri," fundi alisema. "Liko uchi. Utalipitishaje mtaani, na watu wote wako nje?"

"Mwanangu, mimi nawaona watu uchi tangu wewe hujazaliwa."

Siku nyingine jibu hilo lingechekwa wiki nzima. Kinyozi, ambaye hakuna neno lililowahi kumpita bila kulitia chumvi, alikwenda akashika upande mmoja. Muuza viatu akashika wa pili. Waliliinamisha mlangoni, mguu wake ukakwaruza fremu, wakatoka nalo kwenye mwanga wa barabara na watu wakageuka kutazama. Mke wa fundi akatia springi kwenye mfuko, akabeba kitambaa begani, akachukua nyundo ya mumewe na sindano zake mwenyewe kubwa, akawafuata. Hakumtazama mumewe wala kumuaga.

Mkunga alibaki nyuma kuikunja shuka. Aliikunja vizuri, kona kwa kona, akamkabidhi fundi.

Fundi alitaka kusema kitu cha maana. Alikitafuta kwa dhati, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, lakini ulimi wake ulikuwa unajua njia moja tu. Akajipangusa uso, na safari hii jasho lilikuwepo. Akaweka mkono kifuani.

"Nisamehe mama. Nakuja kulimalizia mwenyewe. Kesho asubuhi, kabla hujanywa chai."

Nje hakucheka mtu. Nyuma yake runinga, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, ikaangua kicheko kirefu.

"Chai tumeshakunywa, fundi," alisema mkunga, akalifuata kochi lake.